Mawe ya Redio ya Bi Kidawa

Mkunazini, Unguja
9 Desemba 1970

Mwanangu Shemsa,

Marahaba. Barua yako ya Oktoba imenifikia juzi, bahasha imechakaa kidogo ukingoni, lakini safari ni ndefu na si ajabu. Nimefurahi kusikia kwamba umepasi mtihani wa pili wa uuguzi na kwamba koti ulilonunua linakutosha.

Idd tumeila salama. Mama yako alipika boko-boko, kiasi cha sahani mbili tu, maana ngano haikupatikana ya kutosha. Moja alinipa mimi, moja aliifunika kwa kawa akaiweka mezani kwao, kama afanyavyo kila Idd tangu mwaka ule. Jioni tuliila pamoja, imepoa. Miguu yangu inavimba na daktari anasema moyo umepanuka. Nikamwambia, miaka thelathini na mbili nimefundisha jiografia watoto wa watu wasiosikia, ulitaka ubaki mdogo? Hakucheka. Kijana bado.

Mama yako ameniamuru nikuandikie jambo la redio. Yeye kuandika anajua, lakini anasema mkono wake mbaya na wewe utamcheka. Mawe ya redio, betri kama msemavyo huko, hayapatikani. Likifika dukani kasha moja, foleni inazunguka mpaka nyuma ya msikiti, na kila mtu anapewa mawili. Redio ya marehemu

Nimekata neno hilo, nisamehe, mkono wa mzee unateleza. Redio ya baba yako inataka manne. Basi mama yako, Bi Kidawa, anapanga foleni leo, anapanga tena wiki ijayo, na katikati anafanya kama afanyavyo kila mtu hapa mjini: mawe yaliyokwisha anayaanika juani dirishani. Yakipata joto la siku mbili tatu hurudisha roho kidogo, redio ikasema robo saa, kisha ikanyamaza tena. Dirisha lenu sasa limejaa mawe kama duka.

Unajua kwa nini hataki redio inyamaze. Anasema siku watakayosoma majina ya watu waliofunguliwa, jina la baba yako, Matar bin Said, litasomwa mara moja tu, na yeye hataki iwe ndiyo saa aliyokosa mawe. Mimi nilimwambia apumzike. Anataka umtumie mawe ya huko, mengi. Nadhani usijisumbue. Atazoea.

Mjomba wako,
Muhiddin


Portsmouth
11 Januari 1971

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa kitako na miguu juu ya kiti, kama daktari alivyosema, si kwamba unapanda na kushuka ngazi kutafuta magazeti. Hapa baridi imekaza. Tunaambiwa watu wa posta watagoma mwezi huu, kwa hivyo nimempa barua hii na mzigo Bi Mwanapili, anayerudi nyumbani kumuuguza mama yake. Mwambie Mama ampokee vizuri, ni mtu mwema na anapenda kusema.

Mjomba, usiseme Mama atazoea. Miaka saba hakuzoea.

Nimepata kitu bora kuliko mawe. Ndani ya kisanduku cha biskuti utakuta mawe manane, yamefungwa karatasi ya kijani. Haya si kama yale tunayoyajua. Yakiisha hayatupwi wala hayaanikwi juani. Kuna kisanduku cheusi chenye waya, hicho kinatiwa kwenye umeme wa ukutani, mawe yanapangwa ndani yake manne manne, na baada ya saa kumi na nne yamejaa tena kama mapya. Mwenye duka ameniapia kwamba yanaweza kujazwa hivyo mara mia tano. Nilifanya hesabu njiani ndani ya basi. Akiyajaza mara moja kwa wiki, Mama hatapanga foleni ya mawe kwa karibu miaka kumi. Manne yawe ndani ya redio, manne yawe ndani ya kisanduku, na redio haitanyamaza hata siku moja.

Mwambie tafadhali asitie mawe ya kawaida ndani ya kisanduku hicho. Ni hatari.

Sasa jambo langu. Nilitaka kukwambia muda mrefu na kila mara naishia kuandika habari za makoti. Kuna kijana anaitwa Haroub, wa Wete, anafanya kazi kwenye reli. Ametaka kunioa, nami nimeridhika. Hapa yupo sheikh anayefungisha ndoa za watu wetu. Amenikalisha chini akaniuliza, "Binti, nani walii wako, wa kukuoza?" Nikamwambia baba yangu. "Yuko wapi?" Nikamwambia sijui. Akaniuliza kwa upole sana, "Yu hai au amekufa? Maana hukumu ya walii aliyepotea si hukumu ya walii aliyekufa, na baba yako hana ndugu wa kiume. Nataka kujua nasimama mahali pa nani."

Nilimwambia nitamletea jibu. Mama siwezi kumuuliza, unajua atakavyosema. Wewe ndiye mtu mzima uliyekuwepo. Niandikie neno moja tu, nimpelekee sheikh.

Mwanao,
Shemsa


Mkunazini, Unguja
28 Februari 1971

Mwanangu Shemsa,

Barua ya mkono wako imefika, na Bi Mwanapili amefika nayo. Amekaa na mama yako kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, wakamaliza birika mbili za chai, na sasa naijua Uingereza nzima pasipo kusafiri. Idd ya kuchinja imepita vizuri. Mimi sasa napanda ngazi mara moja tu kwa siku, na nikifika juu nakaa kwenye kizingiti kama mtoto.

Mzigo wako umetufanyia kazi kubwa. Kwanza plagi yake ina meno ya mraba na tundu zetu za ukutani ni za duara. Mama yako alikaa akaitazama akasema, "Mwanangu amesoma, lakini amesahau ukuta wa kwao." Nikamwita Bahadurali, yule fundi redio wa mtaa wa nyuma, aliyekuwa akikupa sumaku ukiwa mdogo. Ndugu zake wote wameshakwenda Karachi, amebaki yeye na chuma chake cha kulehemu. Alikuja, akakata plagi, akafunga nyingine, kisha akachukua moja ya yale mawe ya kijani akaligeuza-geuza kama mtu anayechagua embe.

"Maalim," akasema, "miaka ishirini nauza mawe. Kitu hiki kingekuja mapema, mimi ningekufa njaa."

Tukayatia. Saa kumi na nne mama yako alikaa karibu na kisanduku kile kama mtu aliyetia maandazi. Kila saa anakigusa. "Kinapata joto, Kaka. Kinafanya kazi." Alipoyatia ndani ya redio, sauti ilitoka safi. Bahadurali anasema nguvu yake ni ndogo kidogo kuliko mawe ya kawaida, lakini haishuki, inakwenda vivyo hivyo mpaka mwisho. Mama yako alilia. Nakuandikia ili ujue kwamba kazi yako haikupotea.

Sasa ajali. Maneno yako ya hatari nilimsomea, naye aliitikia naam, naam, na siku ya pili akachukua mawe ya zamani manne yaliyokuwa dirishani akayapanga ndani ya kisanduku. Aliyaonea huruma kuyatupa. Baada ya saa mbili tukasikia mlio, na moja likatumbuka, uji mweusi ukamwagika mpaka kwenye mkeka. Bahadurali alikuja tena mbio.

"Bi Kidawa! Nani kakwambia utie haya?"

"Nlidhani nayo yatarudi."

"Haya hayarudi, mama. Haya ni maiti. Maiti hata umfunge kwenye umeme wa mji mzima, hachajiki."

Alisema kwa mzaha, na mama yako alicheka, akachukua kitambaa akapangusa. Mimi ndiye niliyeshindwa kucheka. Nilishuka kwangu nikalala.

Kisanduku ni kizima. Mawe yako manane ni mazima.

Kuhusu habari ya yule kijana, nimefurahi. Watu wa Wete ni watu wazuri. Mwambie sheikh asubiri kidogo, mambo ya ndoa hayataki haraka.

Mjomba wako,
Muhiddin


Portsmouth
22 Machi 1971

Mjomba,

Shikamoo. Mgomo umekwisha na barua zote zimekuja kwa pamoja, yako ikiwa ya chini kabisa. Nashukuru kwamba mzigo umefika na kwamba Mama amefurahi. Mimi ni mzima. Haroub anakusalimu.

Mjomba, nimeisoma barua yako mara nne. Umenieleza plagi, umenieleza tundu, umenieleza uji mweusi kwenye mkeka. Nilichokuuliza umekijibu kwa mistari miwili, na ndani yake hamna jibu. Ulinifundisha mwenyewe kwamba mtoto asiyejua jibu huandika ukurasa mzima. Lakini wewe si mtoto, na sidhani kwamba hujui. Tena mnamo Desemba uliandika neno moja ukalikata. Ungeweza kuchukua karatasi nyingine ukaanza upya. Hukuchukua. Nililiona.

Nataka nikwambie ninachokumbuka, ili usidhani nilikuwa mdogo mno. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Siku ya nne ya Mapinduzi, Januari ile, hatukuwa na kitu ndani isipokuwa unga wa muhogo. Mchana, redio ya Baba ilisema watu wa mjini wanaruhusiwa kutoka kutafuta chakula. Nilisikia kwa masikio yangu. Kisha ikakwaruza ikanyamaza. Baba akaipiga kofi mara mbili, akasema, "Basi, tumeshasikia," akavaa kofia, akachukua kikapu. Hakurudi.

Mama miaka yote hii anasema neno lile lile. Alitoka kwa ruhusa. Mtu aliyetoka kwa ruhusa hana kosa, na asiye na kosa lazima siku moja atafunguliwa. Ndiyo nguzo aliyoegemea. Watu wa mtaani walisema hawakusikia ruhusa yoyote ya siku ile, lakini siku zile matangazo yalibadilika kila saa na kila mtu alisikia lake. Wewe ulisema redio yako haikuwa na mawe, hukusikia kitu.

Mimi ninakuuliza mara ya pili. Yu hai au amekufa?

Sitaandika tena mpaka nipate jibu.

Shemsa


Mkunazini, Unguja
2 Juni 1971

Mwanangu,

Barua hii haipiti posta ya hapa. Bahadurali anaondoka Jumamosi kuwafuata ndugu zake, na ataitia posta akifika Mombasa. Amenitengenezea redio yangu pia kabla ya kwenda, ingawa siitumii. Mama yako ni mzima. Jana alimaliza kusuka mkeka mpya, akautandika mahali palipochafuka. Mimi sikuweza kuandika Aprili wala Mei. Kifua kilinibana, ndivyo nilivyomwambia kila aliyeuliza, na ilikuwa kweli, lakini mkono ulikuwa mzima. Daktari hasemi tena habari ya kupona, anasema nile nikipendacho.

Baba yako amekufa, Shemsa. Alikufa siku ile ile, kabla ya alasiri. Mwambie sheikh asimame mahali pa mtu aliyekufa.

Sasa lazima nikwambie nilivyojua, na kwa nini mama yako hajui. Nakuomba usome mpaka mwisho.

Asubuhi ya siku ile Matar alinigongea mlango. Mlikuwa mkikaa juu upande wa kulia na mimi wakati ule nilikuwa juu upande wa kushoto, ukuta mmoja kati yetu. Alisema, "Maalim, nipe mawe, redio yangu imekufa na hatujui kinachoendelea." Mimi nilikuwa na mawe. Yalikuwa manne mapya ndani ya redio yangu na manne mengine ndani ya saraka, bado na karatasi yake. Nikamwambia, "Wallahi yangu nayo yameisha."

Niliapa. Hakuna aliyenilazimisha kuapa.

Kwa nini? Nimekuwa na miaka saba ya kutafuta sababu kubwa na sikuipata. Baba yako alikuwa akifungua redio kwa sauti ya kusikika mpaka Darajani, na mawe kwake hayakukaa siku tatu. Nikaona nikimpa atayamaliza, na Mungu ajua lini yatapatikana mengine. Hiyo tu ndiyo sababu. Hapakuwa na ugomvi kati yetu, wala siasa, wala chuki. Nilikuwa bahili wa mawe.

Ili nisionekane mbaya, nikampa manne yaliyokuwa yakianikwa dirishani kwangu. Nikamwambia, "Haya yamepata jua siku mbili, yatasema kidogo." Alinishukuru. Alisema, "Mungu akuweke, shemeji."

Mchana nikakaa na redio yangu sikioni, nimeifunika kwa mto nisisikike. Tangazo likaanza. Na kwa ukuta nikaisikia redio ya baba yako nayo inasema. Redio mbili zikitoa maneno mamoja, moja upande wangu na moja upande wenu. "Wananchi wa mjini wanaruhusiwa kutoka kutafuta chakula." Hapo ya kwenu ikakwaruza, ikanyamaza. Ikabaki yangu. Ikaendelea, "kuanzia kesho saa mbili asubuhi. Leo hakuna ruhusa ya mtu yeyote kuonekana njiani."

Nilijua mara ile kwamba amesikia nusu. Nilimsikia akiipiga kofi redio. Nikasikia komeo la mlango wenu, nikasikia viatu vyake kwenye ngazi. Ngazi zile zina vidato ishirini na sita, nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile. Nilikuwa na muda. Nikaenda dirishani, akatokea chini na kikapu mkononi na ile kofia ya viua, ya tundu tundu, aliyoshonewa na mama yako. Nikafungua mdomo nimwite.

Nikafikiri, nikimwita nikamwambia rudi, ruhusa ni ya kesho, ataniuliza, "Maalim, umesikia wapi?"

Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Kwamba atajua nilikuwa na mawe. Kabla sijamaliza kufikiri, ameshapita kona. Kisha nikasikia mlio wa bunduki, na mwingine.

Siku ya tatu baada ya hapo alikuja Jecha, hamali wa bandarini, niliyemfundisha darasa la nne. Alikuja mchana, ameficha kitu ndani ya shati. "Maalim, shemeji yako tumemzika. Tulikuwa watu wanne, tukamsalia. Ni upande wa Mwanakwerekwe. Nimekuletea hii, umpe mkewe ajue." Ilikuwa kofia. Nikamwambia nitampa.

Nilikwenda nayo mpaka mlangoni kwenu. Mama yako alifungua akasema, kabla sijasema lolote, "Kaka, alitoka kwa ruhusa. Redio ilisema. Watamrudisha." Nami nikasimama na kofia chini ya kanzu. Ningesema amekufa, angeuliza imekuwaje, naye ametoka kwa ruhusa? Na jibu la swali hilo lilikuwa ndani ya saraka yangu. Nikamwambia, "Inshallah." Siku iliyofuata hali ilikuwa vile vile, na wiki iliyofuata, na nilikuta kwamba uongo ukikaa mwezi mmoja ndani ya nyumba unakuwa na kiti chake.

Mama yako hakukaa eda. Hakumsomea mumewe hitima. Watu wawili wema walimposa na akawaambia ana mume. Haya yote nimeyatazama. Jecha alifariki mwaka wa sitini na saba, na nilipokwenda kutafuta mahali pale nikakuta pamelimwa muhogo, hakuna anayejua ni wapi hasa. Nilichelewa hata kwa kaburi.

Ulipotuma yale mawe yako, nilikaa nikayatazama yakijaa ndani ya kisanduku. Nikajua kwamba umempa mama yako miaka kumi mingine ya kungoja. Na aliyekufanya uyatume ni mimi.

Sikuombi msamaha, maana sijui ungeutoa wapi. Naomba unisaidie jambo moja. Mwandikie wewe. Mimi sina ulimi.

Muhiddin


Portsmouth
29 Juni 1971

Mjomba,

Barua ya Mombasa imefika.

Nimempelekea sheikh jibu. Amenisomea Fatiha pale pale, mimi na Haroub na mkewe sheikh. Watu wanne, kama wale wa Jecha. Ndiyo hitima ya baba yangu.

Sitamwandikia Mama. Haikuwa mimi niliyesimama dirishani. Utapanda vile vidato ishirini na sita, taratibu, ukae kwenye kizingiti mpaka pumzi irudi, kisha uingie umwambie wewe kwa kinywa chako, na umpe kofia yake. Ukifa kabla hujamwambia, nitakuja mwenyewe nimwambie yote, na pia kwamba ulikuwa na muda.

Ndoa ni tarehe ishirini na moja Agosti. Nilitaka uwe wewe wa kwanza kujua. Niliandika sentensi hiyo mwezi wa Januari, kwenye karatasi ambayo sikuituma.

Shemsa


Mkunazini, Unguja
8 Agosti 1971

Mwanangu Shemsa,

Nakuandikia kidogo kidogo, hii ni siku ya tatu ya barua moja. Mama yako ni mzima na anakusalimu sana. Hii anaipeleka posta mwenyewe kesho, kwa hivyo ujue kwamba nimemwambia.

Nilipanda Jumatano baada ya alasiri. Alikuwa amekaa kwenye ule mkeka mpya anachagua mchele, redio ikisema pembeni.

"Kidawa, punguza redio."

"Sema tu Kaka, nasikia."

Nikamwambia. Sikuacha kitu, hata kiapo, hata vidato. Mikono yake iliendelea na mchele, chenga huku, punje huku. Nilipofika kwa Jecha nikaitoa kofia nikamwekea mapajani. Hapo ndipo aliposimamisha mikono. Akaigeuza ndani nje. Akatafuta kwa kidole, akakuta anachokitafuta.

"Hapa nlikosea tundu moja," akasema. "Nlimwambia n'tairekebisha, akasema iache."

Nikangoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa laana, kwa kufukuzwa. Nilidhani hata sinia la mchele litanipiga usoni, na ningelishukuru.

Akainuka akasema, "Kofia yenyewe chafu. Atavaaje hii?"

Akaenda nayo chooni akaifua kwa sabuni, mara mbili, kwa maji mengi. Akakoroga wanga, akaitia, akaikamua, akageuza bakuli juu chini akaivisha juu yake, akaiweka dirishani ikauke. Mahali pale pale alipokuwa akianika mawe.

"Kidawa," nikasema, "umenisikia nilichokwambia?"

"Nimekusikia. Umesema redio ilikatika akasikia nusu." Akarudi kukaa kwenye mchele wake. "Basi ndiyo maana mimi naiweka isikatike."

"Kidawa, Matar amekufa. Jecha alimzika."

"Jecha alizika watu wengi siku zile, maskini. Alikuwa amechoka. Wewe pia umechoka, Kaka. Utakunywa chai?"

Nilikunywa. Sikujua kitu kingine cha kufanya.

Tangu siku hiyo hajasema neno juu ya jambo lile. Asubuhi ananiletea uji kama kawaida, anauliza miguu imeamkaje. Nimekaa miaka saba nikiogopa atakachosema, na kumbe adhabu niliyobakishiwa ni hiyo tu, asiseme kitu. Kofia imekauka vizuri, imesimama. Ameitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, upande ambao mtu akiingia anaiona.

Nilimsomea habari ya ndoa yako. Alifurahi, akapiga kigelegele peke yake mle ndani. Kisha akasema nikuandikie kwamba, kama itawezekana, muisogeze mbele kidogo, maana si vizuri binti kuolewa na walii mwingine wakati baba yake yupo njiani. Nakuandikia kama alivyosema. Wewe olewa tarehe ishirini na moja.

Hapa nilitaka kumaliza, lakini ameingia sasa hivi akauliza kama nimeandika lile jambo lake jingine. Nilikuwa nimeliruka kwa makusudi. Amesimama hapa juu ya bega langu anatazama kalamu, na safari hii sina pa kujificha.

Anasema mawe mawili katika yale manane yameanza kulegea. Ukipata nafasi, umtumie mengine.

Mjomba wako, na huyu hapa mama yako anasubiri nitie bahasha gundi,
Muhiddin